Nzega inavyopanuka na mzigo wa gharama za kujenga nyumba

MJI wa Nzega, mkoani Tabora, ni mji wa njia panda. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa barabara, akipita Morogoro, Dodoma na Singida, akateremka Sekenke na kuuacha mji wa Igunga nyuma yake, hufika Nzega baada ya kilomita zinazokaribia 900. Hapo barabara hugawanyika. Mkono mmoja hushika kusini kuelekea Tabora, umbali wa kilomita 115 hivi. Mwingine huendelea hadi Tinde, ambako magari ya Shinyanga na Mwanza huachana na yale ya Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo.

Barabara hiyo ndiyo iliyoukuza mji, na ndiyo pia inayopanga bei ya nyumba zake. Saruji, nondo, mabati, rangi na vioo huingia Nzega juu ya lori, na nauli ya kila kilomita humwangukia anayejenga. Makala haya yanaeleza gharama hizo zinatoka wapi, kwa nini nyumba ya mtu wa kawaida huchukua miaka mingi kumalizika, na ni sehemu gani ya gharama hizo inayoweza kupunguzwa mjini penyewe bila kusubiri bei za viwandani.

Ukuta uliokuwa haulipiwi nauli

Katika karne ya 19, Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo. Kutoka hapo tawi moja lilielekea Ujiji na jingine kaskazini, kwenye nchi za Ziwa Victoria. Mwingereza John Hanning Speke alifuata njia hiyo ya kaskazini mwaka 1858 hadi akaliona ziwa. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mabegani mizigo ya wastani wa kilo 30, na safari ya kutoka pwani ilichukua miezi mitatu hivi. Nguo, shanga na waya za shaba zilipofika Unyanyembe zilikuwa zimepanda bei mara nyingi kuliko pwani, kwa kuwa kila hatua ya mpagazi ilikuwa na posho yake na kila himaya iliyopitwa ilidai hongo.

Nyumba, hata hivyo, haikuwa miongoni mwa bidhaa hizo. Msonge uliezekwa kwa nyasi, na tembe lilifunikwa kwa udongo juu ya miti. Nguzo zilitoka kwenye miombo, kamba zilitoka kwenye magome ya miti, na udongo ulichimbwa pale pale. Nguvu kazi ilikuwa ya jamaa na majirani. Mtu aliyenunua kitambaa cha pwani kwa bei ya juu aliweza kulala katika nyumba ambayo haikuwa na kitu hata kimoja kilichotoka pwani.

Hali ya leo ni kinyume chake. Nguo imekuwa rahisi, na ukuta ndio unaolipiwa nauli. Viwanda vikubwa vya saruji nchini viko mbali na Unyamwezi: Wazo Hill jijini Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, vile vya Tanga, kile cha Songwe mkoani Mbeya, na cha Dangote mkoani Mtwara kilichozinduliwa mwaka 2015. Mbao laini za kenchi kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye misitu ya kupandwa, hasa Sao Hill wilayani Mufindi.

Reli nayo haikuufikia mji. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, lilipita Bukene, ambayo imo wilayani Nzega, likaacha makao makuu ya wilaya pembeni. Kwa sababu hiyo Nzega imebaki kuwa mji wa lori.

Watu wanaongezeka

Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Wilaya ya Nzega watu 417,097, na ile ya mwaka 2012 ikahesabu watu 502,252. Mkoa mzima wa Tabora ulikuwa na watu 2,291,623 mwaka 2012, na kufikia sensa ya mwaka 2022 walikuwa 3,391,679, ongezeko la asilimia 48 katika miaka kumi. Katika kipindi hicho hicho sehemu ya Watanzania wanaoishi mijini ilipanda kutoka asilimia 29.6 hadi asilimia 34.9.

Kwa Nzega, ongezeko hilo lilisukumwa na mambo kadhaa yaliyofuatana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulianza uzalishaji huko Lusu chini ya kampuni ya Resolute ya Australia, ukiwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchini baada ya sekta ya madini kufunguliwa kwa wawekezaji. Lami ya kutoka Singida ilifika katika miaka ya 2000, na ile ya Tabora ikakamilika katika muongo uliofuata. Mji ukapata halmashauri yake, ikatengana na Halmashauri ya Wilaya. Baadaye yakaja maji ya Ziwa Victoria kupitia mradi wa Tabora, Igunga na Nzega uliogharimiwa kwa mkopo wa Serikali ya India. Machi 2024 kikazinduliwa kiwanda cha kuyawekea mabomba utando wa kuhifadhi joto katika kijiji cha Sojo wilayani Nzega, kwa ajili ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga.

Kila tukio kati ya hayo lilileta watu wanaotafuta pa kulala, na wenyeji wanaotafuta kiwanja cha kujenga vyumba vya kupangisha. Hata hivyo, neema ya namna hii ina mwisho wake. Uchimbaji wa Golden Pride ulifikia ukomo katika miaka ya 2013 na 2014. Jirani yake, mgodi wa Buzwagi wilayani Kahama, ulioanza mwaka 2009, ulikoma kuzalisha mwaka 2021. Nyumba iliyojengwa kwa bei ya wakati wa neema hubaki na mwenyewe baada ya wageni kuondoka, na kodi hushuka wakati deni la vifaa halishuki.

Hesabu ya nyumba moja

Ili msomaji auone uzito wa umbali, tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na sebule, yenye upana wa mita 9 na urefu wa mita 10. Kuta za nje zina jumla ya mita 38, na tuseme za ndani ni mita 30. Kwa kimo cha mita 3, eneo la ukuta ni mita za mraba 204. Ukitoa milango na madirisha hubaki mita za mraba 170 hivi.

Tofali la saruji la inchi sita huingia kama kumi katika mita moja ya mraba, kwa hiyo yatahitajika matofali 1,700 juu ya msingi. Fundi akitoa matofali 35 kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, hiyo ni mifuko 49. Jamvi la unene wa sentimita 10 lina mita za ujazo 9 za zege, na kwa mifuko sita kwa kila mita ya ujazo litachukua mifuko 54. Lipu ya ndani na nje itakula mifuko 36 hivi. Tukiongeza msingi, udongo wa kujengea na lenta, nyumba hii haitapungua mifuko 180, ambayo ni tani 9 za saruji.

Sasa tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mfuko mmoja unauzwa Nzega Sh 4,000 zaidi ya bei ya karibu na kiwandani. Tofauti hiyo peke yake ni Sh 720,000 kwa nyumba moja, kabla ya kugusa nondo, mabati, mbao na vifaa vya maji na umeme ambavyo navyo vimesafiri. Juu ya bei hiyo imo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na kwa kuwa kodi hukokotolewa juu ya bei, nauli iliyomo ndani ya bei nayo hutozwa kodi.

Umbali una athari nyingine. Bei inapotikisika, miji ya bara huumia zaidi, kwa sababu duka lenye mzigo mdogo huishiwa haraka na mwenye lori hupandisha nauli. Novemba 2020 saruji ilipoadimika na kupanda bei katika mikoa mingi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliagiza sababu zichunguzwe. Mjenzi aliyekuwa amefikia kwenye lenta hakuwa na la kufanya ila kusimamisha kazi.

Ardhi ya mbuga

Gharama nyingine imefichwa chini ya miguu. Sehemu kubwa ya mabonde ya Nzega na Igunga ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaostawisha mpunga na pamba. Udongo huo huvimba ukilowa na husinyaa na kupasuka ukikauka. Kwa kuwa Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, ukifuatwa na kiangazi kirefu, ardhi hiyo hupanda na kushuka kila mwaka pamoja na nyumba iliyo juu yake. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha mara nyingi ni habari ya msingi, wala si ya fundi wa lipu.

Kujenga salama mahali pa namna hiyo kunadai kuchimba hadi kuupita udongo mweusi, kujaza moramu iliyoshindiliwa na kufunga mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka msingi wote. Viwanja vya mbuga mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu, na mnunuzi hugundua baadaye kwamba unafuu huo umemezwa na msingi.

Kiwanja kisichopimwa

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Mji unapotanuka huikuta ardhi ya vijiji pembezoni mwake. Kabla ramani ya mipango miji haijachorwa, mkulima hukata kipande cha shamba na kumuuzia mgeni kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya kiongozi wa kijiji au mtaa.

Karatasi hiyo ni rahisi siku ya kwanza na ghali baadaye. Mitaa hujipanga kwa kufuata mipaka ya mashamba, njia za kupita gari la zimamoto hazipo, na bomba la maji hulazimika kuzunguka. Urasimishaji unapofika, wakazi huchangia gharama za upimaji, na baadhi hupoteza sehemu ya kiwanja au nyumba yenyewe ili barabara ipite. Kazi ambayo ingefanywa kwa kigingi na kamba kwenye shamba tupu hufanywa sasa kwa kuvunja kuta.

Katika mji wa njia panda kuna hatari ya ziada. Kila mfanyabiashara hutamani kuwa kando ya lami. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Waliokuwa wamejenga kihalali katika eneo lililoongezwa wana haki ya fidia. Waliovamia hifadhi hawana. Wakazi wa mijini wanaijua tofauti hiyo kwa rangi ya alama ya X inayochorwa ukutani, ya kijani kwa mwenye fidia na nyekundu kwa asiyekuwa nayo.

Kujenga kidogo kidogo

Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kukopesha wajenzi, ilifungwa mwaka 1995. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria mahsusi ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Pamoja na hatua hizo, mikopo ya nyumba nchini imebaki chini ya asilimia 1 ya pato la taifa. Masharti yake ni mshahara unaopita benki na hati ya kiwanja, vitu ambavyo mkulima wa mpunga, mwenye duka la rejareja na dereva wa bodaboda mara nyingi hawana.

Kwa hiyo nyumba hujengwa kwa mavuno. Mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, mwaka wa tatu lenta, na kupaua kunasubiri mpunga ukubali. Utaratibu huu una faida yake, kwani hauna riba na hauna benki ya kuja kupiga mnada. Hasara yake ni kwamba pagala halimlazi mtu. Mwenye nyumba huendelea kulipa kodi kwingine huku fedha zake zikiwa zimelala ukutani, mvua hula matofali yaliyo wazi, nondo zilizochomoza hushika kutu, na vifaa vinavyobaki hununuliwa kwa bei ya mwaka mwingine. Nyumba iliyojengwa kwa miaka minane huweza kuwa ghali kuliko ile iliyojengwa kwa mwaka mmoja, ingawa mjenzi hakuwahi kutoa fedha nyingi kwa siku moja.

Mapagala hayo ni sehemu ya tatizo la taifa. Kwa miaka mingi Serikali na wadau wa nyumba wamekuwa wakitaja upungufu wa nyumba milioni 3 nchini na ongezeko la mahitaji la nyumba 200,000 kila mwaka. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, haliwezi peke yake kuziba pengo hilo, na nyumba zake za kuuza hulazimika kubeba gharama za kiwanja, barabara za ndani na miundombinu ya maji na umeme.

Kinachoweza kupunguzwa Nzega

Jambo la kwanza ni udongo usio wa mbuga. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioundwa mwaka 2001 kutokana na kitengo cha utafiti cha miaka ya 1970, umeeneza tofali za kufungamana zinazotengenezwa kwa udongo wa kichanga uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Tofali hizo hushikana zenyewe, kwa hiyo hazihitaji udongo wa kujengea katika kila kozi, na ukuta wake ukipangwa vizuri huweza kuachwa bila lipu ya nje. Sehemu hizo ni miongoni mwa zinazomeza saruji katika hesabu tuliyoipiga hapo juu.

Tofali za kuchoma nazo huokoa saruji, lakini tanuri hula kuni, na misitu ya Tabora tayari inabeba mzigo wa ukaushaji wa tumbaku na uchomaji mkaa. Katika maeneo ya mpunga nchini, wachomaji hutumia pumba badala ya magogo. Nzega, yenye mpunga na mashine za kukoboa, haina sababu ya kuziona pumba kuwa taka.

La pili ni maji. Tofali na zege havipati nguvu vikikauka upesi. Tofali la saruji linapaswa kumwagiliwa kwa siku saba angalau, na katika kiangazi cha Nzega, wakati maji yaliponunuliwa kwa ndoo, hatua hiyo ndiyo iliyorukwa kwanza. Maji ya bomba yamepunguza kisingizio. Anayenunua matofali barabarani aulize yalimwagiliwa siku ngapi, kwani tofali linalomomonyoka kwa kucha limemgharimu saruji bila kumpa ukuta.

La tatu ni paa. Mabati hupimwa kwa geji, na namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 30 ni nyepesi kuliko geji 28. Mbao zisizotiwa dawa ni chakula cha mchwa, ambao Unyamwezi unawajua tangu enzi za tembe. Paa la mstari mmoja ulionyooka hutumia mbao na mabati machache kuliko lile lenye migongo mingi, ingawa fasheni ya mijini inapenda hilo la pili.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni kupima ardhi kabla watu hawajafika. Halmashauri ya Mji haiwezi kuisogeza Wazo Hill, na reli ya kisasa inayojengwa kati ya Tabora na Isaka, hata itakapokamilika, itahitaji bado lori la kuutoa mzigo stesheni. Lakini mchoro wa mipango miji, vigingi vya mipaka na njia zilizoachwa wazi ni mambo yanayoamuliwa na ofisi za hapo hapo. Kila mwaka unaopita bila kazi hiyo kufanyika huongeza nyumba ambazo zitakuja kukatwa au kulipiwa fidia.

Kwa mtu anayekusudia kununua kiwanja Nzega leo, maswali yanayostahili kuulizwa kabla ya kutoa fedha ni haya. Je, eneo hilo limo kwenye mchoro ulioidhinishwa wa mipango miji, na ofisi ya ardhi inaukubali? Je, liko nje ya mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu? Je, shimo la mita moja na nusu likichimbwa, udongo mweusi unaishia wapi? Kuchimba shimo ni kazi ya kibarua wa asubuhi moja, na ofisi ya ardhi ni mwendo wa bodaboda. Muuzaji asiyetaka lolote kati ya hayo lifanyike amekwisha kujibu.